Kipande Hakiombwi kwa Kunong'ona

Ukitaka kumjua fundi, usiangalie nguo alizotundika ukutani. Angalia pipa lake la taka. Mimi nimewahi kufukuliwa taka zangu mbele ya wateja, na aliyezifukua alikuwa mama wa Kiuzbeki aliyekwisha pita miaka sabini. Alikuwa ameinama hadi kiunoni ndani ya jalala la chuma nyuma ya duka, huku akisema maneno ya lugha nisiyoijua. Matusi yake niliyaelewa yote.

Hiyo ilikuwa Columbus, Ohio, mwaka 2014 au 2015. Nawaandikia ninyi mnaokuja Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa kujifunza kushona, maana kila wiki mnaniuliza kwa nini nawakataza kufagia kabla sijapita mezani. Macho yangu yamechoka na vidole havinyooki vizuri asubuhi, kwa hiyo sasa nimebaki na mdomo na kalamu. Kalamu mnivumilie. Niliacha shule darasa la nne, na sikuacha kwa uvivu. Fundi mmoja kule kambini Tanzania alikuwa ameifungua cherehani yake na kuitandaza kwenye mkeka, chuma kwa chuma, nami nikaona ndani ya ile mashine kuna mambo mengi kuliko kwenye daftari langu. Kesho yake sikurudi darasani. Nilitaka kuona kama ataweza kuirudisha. Aliirudisha, ikabaki skrubu moja, na ikashona vilevile. Mpaka leo najiuliza ile skrubu ilikuwa ya nini.

Ndivyo nilivyo. Marehemu kaka yangu alikuwa akisema kwamba Dafroza akishazijua njia zote za mahali, basi mjue ameanza kufunga mizigo. Marekani nilifikia Louisville, upande wa kusini wa mji, nikawekwa kwenye kazi ya kupanga maboksi ghalani. Boksi halina cha kuuliza. Niliposikia kuna duka la dobi na marekebisho ya nguo huko Columbus, karibu na Gahanna, linatafuta mtu anayejua kupinda nguo kwa mkono, nikapanda basi.

Meza ya pili katika lile duka ilikuwa ya Saodat, yule mama wa jalalani. Wenzake walimwita opa, yaani dada mkubwa, na mimi nikamwita hivyo. Kazi yetu ilikuwa suruali za watu wa uwanja wa ndege: zipu, pindo, kiuno kilichopanuka baada ya sikukuu. Lakini kila alipopata nafasi, opa alitoa mfuko wa vipande chini ya meza akashona vitu vyake. Siku yangu ya kwanza, nikiwa mtu msafi na mgeni anayetaka kusifiwa, nilifagia chini ya meza zote mbili, nikajaza pipa, nikalimwaga kwenye jalala.

Aliporudi kutoka kuswali, akatazama sakafu, akanitazama mimi, akatoka nje bila koti.

Alichokitoa mle ndani kilikuwa kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu, hariri nyekundu na njano, rangi zimeingiliana kama zimelowa. Alikikung'uta, akakiweka kwenye kiganja changu, akasema, "Bu odam."

Neno lile la pili nililijua. Odam. Adamu. Binadamu. Alikuwa ananiambia kwamba nimemtupa mtu jalalani.

Baadaye tuligundua tuna maneno mengi ya namna hiyo. Yeye husema dunyo, mimi dunia. Yeye sovun, mimi sabuni. Kitob, kitabu. Tulikuwa tunazungumza Kiingereza cha kuokoteza, na kilipokatika, mmoja wetu alirusha neno la kwao aone kama mwenzake atalidaka. Wateja walidhani tunagombana.

Sasa ile kazi yake. Wenyewe wanaiita kurok. Ni vipande vya nguo vinavyounganishwa kwa mkono mpaka viwe kitambaa kimoja: blanketi, godoro jembamba la kukalia chini, kifuniko cha birika, pazia la chumba cha bibi harusi. Mtasema hata bibi zetu walishona viraka. Ni kweli, lakini kiraka chetu kilikuwa cha kuziba tundu. Kwao hakuna tundu. Wanaanza na vipande kwa makusudi, na kila kipande kina mwenyewe. Anapofariki mtu aliyekula chumvi nyingi, akaona wajukuu na vitukuu, watu wake huchana vitambaa na kuwagawia waliokuja kumzika. Wanavipokea, wanakwenda navyo nyumbani. Mtoto akizaliwa katika nyumba ile, kipande kinaingia kwenye blanketi lake, ili naye apewe umri kama ule. Kile nilichokitupa kilikuwa cha bibi yake opa, mzaa mama.

Pembetatu wanazipenda kuliko umbo lolote. Opa alisema zinachoma jicho baya. Nikamuuliza jicho linachomwaje na pamba.

"Wewe unauliza kama askari wa mpakani," akasema.

"Nimeulizwa na wengi. Nimejifunza."

Akacheka, na kuanzia siku ile akanifundisha.

Shikeni haya, maana ndiyo yaliyobaki mikononi. Uzi usizidi urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Ukizidi hapo, utatumia siku nzima kufungua mafundo. Vipande viwili vitazamane uso kwa uso, kisha zungusha sindano ukingoni kwa mishono midogo, usipite katikati kama unafukuzwa. Hariri huteleza, kwa hiyo ishikize kwanza juu ya kipande cha pamba ndipo uikutanishe na wenzake. Ukimaliza mshono, shika pande mbili uvute kama unaamua ugomvi. Ukiona meno ya uzi yakichungulia, fumua. Wala usitumie pasi kila mara. Kucha ya kidole gumba inatosha kulaza mshono, na kucha haiunguzi hariri.

Mimi sikuamini habari ya mkono. Cherehani ilikuwepo palepale, inameremeta. Wakati wa chakula cha mchana nikaunganisha pembetatu nane kwa mashine, ncha zikakutana katikati kama nyota, nikampelekea kwa madaha. Opa alijaza bakuli lake la chai, akaliweka juu ya ile nyota. Bakuli likainama, chai ikamwagika kwenye suruali ya rubani wa watu.

"Mtoto atalala juu ya kilima," akasema.

Mashine inabana kila kitu inachokipita, na ncha nane zikikutana zinakuwa kilima. Mkono unajua mahali pa kulegea. Tangu hapo nimepima kila katikati kwa bakuli la chai, na ninyi mnanicheka, lakini suruali zenu ni kavu.

Msidhani alikuwa mtu wa kukataa kila kipya. Binti mmoja mteja alimletea zawadi, kile kisu cha gurudumu wanachokatia vitambaa siku hizi, kinakata matabaka kumi kwa mpigo. Opa alikigeuzageuza, akamshukuru, akaenda nacho nyumbani. Nilipomtembelea nilikikuta jikoni. Alikuwa anakatia unga wa tambi, na zilikuwa tambi zilizonyooka kuliko zote nilizowahi kula. Nikamuuliza kwa nini hakitumii kwenye vitambaa. Akasema kitambaa akikikata kwa haraka hivyo, atamfikiria mwenye kipande saa ngapi?

Nyumbani kwake ndiko nilikojifunza kupiga pamba. Pamba ya kujazia blanketi lazima ichambuliwe mpaka iwe kama povu, na yeye aliipiga kwa fimbo mbili nyembamba ndani ya gereji, mkono huu na mkono huu, kwa mdundo. Aliponipa fimbo zangu tukapiga pamoja, na kwa kuwa wote wawili tunapenda kuongea tukiwa kazini, tulipiga kelele kuishinda ile sauti. Jirani alikuja kusimama mlangoni na simu mkononi, akatazama wanawake wawili wazima weupe kwa pamba kuanzia kope hadi viatu, akauliza kama tuko salama. Opa akampa fimbo. Bwana yule alipiga pamba hadi alipoitwa na mke wake.

Nimezunguka sana. Nilitaka kufika kwa Chantal.

Chantal ni binti wa kaka yangu, yule aliyenisema kuhusu mizigo. Kaka alipofariki, mimi nikawa ndiye niliyebaki upande wa baba yake. Wakati huo Chantal alikuwa Buffalo, Kenmore, ghorofa ya juu kwenye nyumba ya mbao, mume wake akifanya shifti kiwandani. Watoto wawili walikuwa wametangulia. Wa kwanza hakuzaliwa hai. Wa pili alizaliwa hai, mvulana, lakini hakukaa. Alipobeba mimba ya tatu hakumwambia mtu. Tumbo ndilo lililojisema lenyewe. Hakununua hata soksi. Hakutaka mtu alitaje jina wala kitanda.

Nikamwambia opa nataka kushona kurok ya mtoto huyu. Siri, mpaka azaliwe. Opa akatoa kile kipande cha bibi yake, kilekile cha jalalani, akasema, "Huyu anaingia. Lakini huyu ni mgeni kwenu. Mtafutie mtoto wazee wa kwao."

Hapo ndipo nilipokwama. Sisi tuliofika huku kwa kupitia kambini, wazee wetu wengi waliishia njiani. Nilipitisha kichwani makanisa yote nilimowahi kusali, nikaona vijana, nikaona akina mama na watoto wao. Wazee wa kweli, wenye vitukuu, ningewataja wote bila kuvuta pumzi. Mmoja alikuwa Koko Elizabeti wa Louisville, koko yaani bibi, mama kutoka milima ya Kivu ya Kusini, ambaye hata watoto wake walikuwa na mvi. Nikapanda basi.

Nilifika kwao Jumamosi mchana. Koko alikuwa amesinzia kwenye kiti karibu na dirisha, na mkwe wake, mke wa mwanawe Musa, alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye mashine. Juu ya rundo nikaona kitenge cha koko, kimepauka vizuri, aina ile ya pamba inayokubali sindano kama siagi. Nikasogea. Nikanong'ona, kwa sababu bibi alikuwa amelala. Mkasi ulikuwa mkononi, kwa sababu mkasi wangu huwa mkononi.

"Dada, naomba kipande kidogo tu cha nguo ya koko. Hata pembeni, pasipoonekana."

Mkwe yule aliacha kukunja. Akalichukua lile rundo lote, akalipeleka chumbani, akafunga mlango. Aliporudi alisema Musa yuko kazini, na basi la kurudi mjini linapita sasa hivi.

Ninyi mliolelewa huku labda hamuoni kosa. Mwenzenu nilikulia kati ya watu wanaojua kwamba anayetafuta unywele wako, kucha yako au kipande cha nguo yako, anakutafuta wewe. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa nimekaa na opa muda mrefu, nikamsikiliza sana, hadi nikawasahau watu wangu. Nikaenda kuomba baraka kwa namna mchawi anavyoomba.

Habari ilifika Buffalo kabla basi langu halijafika Columbus.

"Shangazi," Chantal akasema kwenye simu, "ni kweli ulitaka kukata nguo ya koko wa watu akiwa amelala?"

"Nilikuwa naomba."

"Kwa nini unanong'ona ukiomba?"

"Amelala, Chantal. Ningepiga tarumbeta?"

Hakucheka. "Na kipande ni cha nini?"

Siri ikaishia hapo. "Ni cha blanketi la mtoto wako."

Nikasikia anahema. "Basi ndivyo wanavyosema. Wanasema ni kwa ajili ya mtoto wangu. Mimi nimewakatalia, nimesema shangazi hawezi. Sasa unaniambia ni kweli."

"Ngoja nikueleze."

"Nakupenda, shangazi. Lakini kitu hicho usikilete. Na wewe mwenyewe usije kwanza. Nitakuita." Kisha akasema polepole, "Sijasema wewe ni mbaya. Nimechoka kuogopa, na sitaki kuongeza kingine."

Mnajua maana yake. Mtoto akizaliwa, shangazi ndiye anayesimama pale, anamwogesha, anampikia mama uji, anamwambia mtoto wewe ni wa nani. Chantal hakuwa na mwingine upande ule. Akijifungua bila kuniita, mtoto yule angekua akijua kwamba upande wa babu yake uliishia kwa mwanamke mmoja aliyekatazwa mlango.

Opa aliponisikiliza alichomeka sindano kwenye mto wake. Sikutegemea angefurahi, lakini macho yake yaling'aa kwa hamu ya kujua. Yeye na mimi ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

"Kwenu kuomba nguo ni kuua?"

"Kuna wanaoua hivyo. Au wanaosemwa hivyo."

"Na anayekutwa nayo?"

"Anahama, kama ana bahati."

Akafikiri. "Kwetu pia wapo wanaoiba kipande kwa ubaya. Unadhani kwa nini tunachana? Mkasi tunao. Mkasi haulii, Dafroza. Kitambaa kikichanwa kinalia, nyumba nzima inasikia nani ametoa na nani amepokea. Wewe umeenda na mkasi, na sauti ya paka."

Nilitamani kumwambia angenieleza mapema. Lakini nilikuwa nimemuuliza habari za jicho baya, habari za uzi, habari za tambi, na hilo la kuchana sikuwa nimeliuliza. Nililiona tu, nikadhani ni njia ya kupata ukingo ulionyooka. Na kweli unanyooka, lakini siyo sababu.

Nikarudi Louisville, safari hii bila mkasi, siku ya ibada. Watu walipotoka kwenda kula, nikatandaza ile kurok isiyokwisha juu ya meza, kando ya sufuria za wali na sombe ya majani ya muhogo. Mazungumzo yakapungua. Musa, mwana wa koko na mzee wa kanisa, akaja akasimama mbele yangu na sahani yake.

"Dada Dafroza, hapa hatushonaki hirizi."

"Si hirizi, mzee. Ni blanketi la mtoto."

"Blanketi ya mutoto inaombaka nguo ya mama yangu?"

Koko Elizabeti alikuwa ameketi nyuma yake, na mimi nilidhani hasikii. "Musa, toka apo, unanifungia njia ya kuona. Ile mutoto ni ya nani?"

"Ya Chantal, koko. Binti wa kaka yangu, wa Buffalo. Aliyepoteza wawili."

"Na weye ulitaka kukata nguo yangu nikiwa nalala?"

"Nilitaka kuomba."

"Bon. Sasa niko macho. Omba."

Nikaomba. Nilipaza sauti hadi waliokuwa wanakula nje, kwenye magari, wakageuka. "Koko, naomba kipande cha nguo yako, mtoto wa Chantal azeeke kama wewe."

"Kama miye? Na hii magoti?" Akatikisa kichwa. "Omba muzuri."

"Azeeke kama wewe, magoti tumwachie Mungu."

Hapo watu walicheka, hata mkwe wake aliyenifungia mlango. Musa hakucheka. "Mama, watu watasema."

"Watu walishasema, Musa. Walisema wiki yote, na simu ilikuwa ya kwako." Akamnyooshea kidole. "Weye nilikubebaka mu kitenge ya mama yangu, akisha kufa. Ulikufa?"

Musa akatazama sahani yake. Koko alikuwa amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, akaanza kufungua cha juu, na wanawake wakamshika asianguke.

"Mutwae ya nyuma, apa ninakaliaka," akasema. "Ya mbele inaona tu masufuria. Ya nyuma ndiyo ilivumilia."

Nikamwambia hatukati, anachana yeye mwenyewe. Nikauma ukingo kwa meno kumfungulia njia, maana mkasi niliuacha Columbus kwa makusudi. Vidole vyake havikuwa na nguvu, lakini kitenge kilikuwa kizee pia. Kikaachia. Kililia kwa sauti ndefu, mtoto mmoja akaziba masikio, na koko akaunyanyua ule ukanda juu watu wote wauone, kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

Baada ya hapo sikuomba tena. Mama mwingine mzee akatoa pembe ya kilemba. Baba mmoja akachomoa shati, akavuta ule mkia wa nyuma unaofichwa ndani ya suruali, akachana mwenyewe. Mke wake alimkaripia mpaka nje. Mwingine alikaa mbali akipunga mkono: "Yangu usitwae, dada. Miye iko na sukari, nitaharibu mutoto ya watu." Musa ndiye aliyekuja mwisho. Hakutoa kitu. Alishika ukingo wa kurok kwa vidole viwili, akaugeuza kutazama upande wa ndani, namna ninavyowataka ninyi mtazame kila siku, akasema, "Mishono ni midogo." Kwa mzee wa kanisa, hiyo ni hotuba.

Mtu alipiga video, kama ilivyo kawaida. Nilijua itafika Buffalo. Nikasubiri simu, haikulia. Nilirudi kwenye meza yangu Columbus, mzee mmoja wa hapo akatoa mfuko wa koti lake, nikaunganisha vipande vya wazee, opa akaniwekea pamba, tukaweka kitambaa cha chini, cheupe kisicho na maua. Kurok ikaisha. Nikaikunja kwenye mfuko, na mfuko ukakaa chini ya meza, ukinitazama kila nilipookota pini.

Simu ilipolia nilikuwa na zipu ya mtu mdomoni.

"Shangazi. Amefika. Ni msichana." Nilisikia kilio nyuma yake, kikali, cha mtu mwenye mapafu. "Njoo."

"Ninakuja."

"Na kile kitu, bado kipo?"

"Kipo."

"Kibebe. Lakini kikae kwenye mfuko kwanza."

Kilikaa kwenye mfuko. Kenmore ilikuwa nyeupe kwa theluji kila upande, madirisha yamefungwa na plastiki kuzuia baridi. Nilimwogesha mtoto, nikapika uji, nikamkanda Chantal kwa maji ya moto, na mfuko ukakaa nyuma ya mlango. Sikuutaja. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kushona.

Mchana mmoja mtoto akiwa ameshiba, Chantal akasema, "Haya, toa tuone."

Nikaitandaza kitandani. Hakuigusa. Akanyoosha kidole tu. "Huyu ni nani?" Alisema huyu, hakusema hiki.

"Huyo ni bibi yake opa. Alitupwa jalalani, akaokolewa."

"Na huyu?"

"Koko Elizabeti. Sehemu aliyokalia."

Akacheka, akajizuia kwa sababu ya maumivu, akacheka tena. Akaniuliza wote, kimoja kimoja, nikamtajia: kilemba, mkia wa shati, mzee wa Columbus aliyetoa mfuko wa koti. Tulipomaliza akainuka polepole, akaenda kwenye kabati, akarudi na fulana ya mtoto, ya njano, ndogo kuliko kiganja changu. Nilijua ni ya nani. Yule mvulana.

"Na huyu? Anaruhusiwa?"

Nikampigia opa kwa video, nikamwonyesha fulana, nikamweleza. Opa akasogeza uso karibu na simu hadi tukaona paji tu.

"Kwetu tunachukua kwa waliozeeka," akasema. Kisha akarudisha uso nyuma. "Hili sijawahi kuliona. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Dafroza, wewe muulize mama yake."

Nikamuuliza. Chantal akaigeuza kurok, ile ya juu yenye wazee wote ikatazama kitanda, akaweka kiganja katikati ya ule weupe wa chini, unaokuja mwilini. "Hapa," akasema.

Fulana ya kufumwa haichaniki, hunyooka tu. Kwa hiyo nilimpa mkasi, akakata mwenyewe, pembetatu moja, haikukaa sawa na sikuirekebisha. Nikaishona pale alipoonyesha, yeye akinivutia kitambaa kisikunjamane, kwa mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Nilipokata uzi, akaichukua, akamfunika binti yake, upande ule mweupe ukimgusa.

Mtoto akapiga chafya.

"Amemsalimia kaka yake," Chantal akasema.